Herufi za Mkono wa Kushoto

Kaka yangu alipotoka hospitali ya misheni, mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na kidole gumba na kile cha shahada tu. Vingine vitatu vilisagwa na jiwe ndani ya shimo la dhahabu huko Macalder, na daktari akamalizia kuvikata. Siku ya kumruhusu kwenda nyumbani, daktari alimwambia, "Kijana, kuchimba sahau. Tafuta kazi ya kukaa." Nadhani alisema tu lililomjia mdomoni, kama wasemavyo watu wenye foleni ndefu ya wagonjwa mlangoni. Lakini kaka aliyachukua maneno hayo kama dawa aliyoandikiwa. Alifika nyumbani Nyatike, akamwambia mama kwamba anataka kwenda Migori kujifunza kutaipu.

Mama alikuwa uani akipepeta mtama. Aliweka ungo chini.

"Kwa mkono upi?"

"Kwa huu mzima na nusu ya ule."

Mama hakucheka, wala kaka hakuwa anatania. Baba alipofariki, kaka aliacha shule akiwa kidato cha pili akaingia machimboni, na dhahabu aliyoipata huko ndiyo iliyonifikisha mimi kidato cha nne. Wakati huo nilikuwa nimemaliza mtihani na nilikuwa nyumbani nikilima na kuteka maji. Basi mama akauza fahali wetu, akasema twende wote wawili. "Enda na dada yako," alimwambia. "Pale utakaposhindwa, yeye ataendelea." Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, mali ya mfanyabiashara Mwislamu aliyekuja Migori kutoka Pwani zamani. Ukuta kati yetu na duka ulikuwa wa mbao, kwa hiyo kutwa tulisikia cherehani za mafundi upande ule, nao wakasikia taipureta zetu upande huu. Taipureta zilikuwa nzito, za chuma, na juu ya kila kitufe Madam alikuwa amebandika kipande cha plasta ili tusione herufi. Macho yalitakiwa kutazama karatasi, vidole vijitafutie njia.

Madam, mwalimu wetu, alikuwa mama wa Kikisii, Msabato, aliyewahi kuwa sekretari katika ofisi ya serikali. Alifunga vifungo vya blauzi mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Siku ya kwanza alitundika ukutani picha kubwa ya vitufe, akachukua fimbo ya kuelekezea.

"Hapa katikati ndipo vidole vinapokaa," alisema. "Hivi vinaitwa vitufe vya nyumbani. Mkono wa kushoto, A, S, D, F. Kidole cha mwisho kinakaa juu ya A, cha pete juu ya S, cha kati juu ya D, cha shahada juu ya F. Kidole kinaweza kupanda juu au kushuka chini, lakini kikimaliza kazi kinarudi kwao. Ambacho hakijui kwao kitawapotosha wenzake wote."

Tuliitikia kama watoto wa nasari. Kaka aliinua mkono, ule wa kushoto, mkono wa shati umeshuka mpaka kwenye kiganja.

"Madam, na asiye na hivyo vidole, A inapigwa na nani?"

Darasa zima liligeuka. Wasichana wawili wakafunika midomo. Madam alimwendea, akapandisha mkono wa shati, akakigeuza kiganja upande huu na ule.

"Hii ni ya kuzaliwa?"

"Ni jiwe, Madam."

Alirudi mbele. "Keti nyuma kwanza, uangalie wenzako," alisema. Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilinichoma zaidi.

Mazoezi ya wiki zile za mwanzo yalikuwa ya maneno mafupi yasiyotoka nje ya mstari wa katikati: sasa, dada, saga. Maneno hayo yote ni ya mkono wa kushoto. Kabla ya hapo sikuwahi kugundua jinsi Kiswahili kilivyojaa A. Kiingereza unaweza kukiandika nusu mstari bila kuihitaji. Kiswahili hakikupi hata neno moja la kupumulia. Wenzetu walipokwenda kula chakula cha mchana, kaka alihamia kwenye mashine yangu. Alijaribu kwanza kuvusha mkono wa kulia uje upande wa kushoto, lakini ukivuka, J na K zinabaki bila mtu. Kisha akajaribu kukitembeza kile kidole cha shahada kutoka F mpaka A na kurudi. Kidole kimoja kikawa na kazi ya vinne.

"Nyamera," aliniita, yaani dada yangu kwa Kijaluo, "hebu niambie ile nimekosea."

Nikisoma karatasi nilikuta neno limepinda, herufi nyingine imelala juu ya mwenzake. Nilimwambia. Alirudia.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa Shift. Kupata herufi kubwa ya upande wa kulia ilibidi mkono wa kushoto ushikilie kitufe hicho chini, na kwenye taipureta ya chuma kitufe hicho kinainua kichwa kizima cha mashine. Hata kidole kidogo chenye afya kinachoka. Kaka alikikandamiza kwa ukingo wa kiganja, palepale kwenye kovu. Siku moja Madam alirudi mapema, akakuta damu juu ya plasta nyeupe. Nilidhani atatufukuza. Alitoa leso kwenye mkoba wake, akamfunga kiganja, akaketi kwenye benchi kando yake.

"Unataka hii kazi kweli?"

"Sina ingine, Madam."

"Karatasi ya mtihani haioni mkono," alimwambia. "Inaona makosa, na inaona umechelewa. Mimi siwezi kukudanganya."

Tangu siku hiyo hakumketisha nyuma tena.

Muhula uliofuata ikaja kompyuta. Ilikuwa moja tu kwa chuo kizima, na sijui Madam aliitoa wapi. Nyuma yake ilikuwa imetuna kama nundu ya ng'ombe, na aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Tulivua viatu kabla ya kuikaribia. Alipoiwasha tulingoja sana, kisha skrini ikawa ya buluu, na kwenye kona ya juu kukawa na kijistari kikipepesa, kinawaka na kuzima. Madam alitaja jina lake kwa Kiingereza, cursor, lakini sisi tukakiita kimulimuli, na baada ya wiki moja hata yeye alikuwa anasema kimulimuli.

"Kimulimuli kiko wapi?" aliuliza kila mara. "Hapo kilipo ndipo herufi yako itatokea, si pale macho yako yanapoangalia."

Alitufundisha kitu kimoja kwa wakati. Backspace inafuta kurudi nyuma, Delete inafuta kilicho mbele. Kwenye taipureta, kengele ikilia unajua umefika ukingoni na lazima usukume mkono wa mashine kuanza mstari mpya. Hapa maneno yanashuka yenyewe, na Enter unaibonyeza tu ukitaka aya mpya. Wengi wetu ilituchukua muda kuacha kuibonyeza kila mwisho wa mstari, na kazi zetu zikatoka zimekatikakatika kama ngazi mbovu. Halafu kulikuwa na kuhifadhi. "Haya mnayoyaona hapa hayapo," Madam alisema, akigonga kioo cha skrini kwa ukucha. "Ni mawazo tu. Stima ikienda, yanaenda nayo. Kama hujahifadhi, hujaandika."

Kwa kaka, mashine ile ilikuwa kama imetengenezwa na mtu aliyemfikiria. Vitufe vilikuwa laini, kovu halikuuma. Caps Lock ilibonyezwa mara moja ikabaki imeshika bila kushikiliwa, na akikosea hakukuwa na karatasi ya kutupa. Alijifunza haraka kuliko sisi sote. Mwenye duka alimruhusu kubaki mle ndani mchana wa Ijumaa, duka lilipofungwa kwa sala, na huko alikaa peke yake na kitabu cha maelekezo, akijaribu ukurasa baada ya ukurasa. Nilimsikia akicheka peke yake siku moja. Niliingia nikamkuta amechukua aya kutoka chini ya ukurasa akaipeleka juu.

"Angalia," alisema. "Hakuna kilichovunjika."

Mtihani, hata hivyo, ulitoka Nairobi, na Nairobi walitaka taipureta. Msimamizi alikuja na saa ya kuhesabia muda. Kaka aliandika bila kosa hata moja, lakini saa ilipogonga alikuwa hajamaliza, na hakuna alama za aliyekaribia. Matokeo yalipofika, Madam aliniita mimi kwanza kunipa yangu; nilikuwa nimefaulu. Yake alimpa wakiwa wawili nje, na nilipowachungulia dirishani nilimwona Madam ndiye anayefuta macho. Kaka alikuwa amesimama tu akikunja karatasi.

Miezi michache baadaye Madam alisikia kwamba ofisi moja ya ushirika wa wavuvi mjini Homa Bay inatafuta mtu anayejua kompyuta. Cheti si lazima, alisema, wanataka ujuzi. Wakati ule, watu waliojua kompyuta upande wetu ungeweza kuwaketisha kwenye benchi moja. Alitutuma wote wawili.

Ofisi ilitazamana na ziwa, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wanaoanikwa iliingia mpaka kwenye mafaili. Kulikuwa na kompyuta mbili, msaada wa mradi fulani wa wazungu. Meneja alikuwa mtu mwenye adabu. Alitupa viti, akatupa kila mmoja nakala ya barua kwa vikundi vya wavuvi wa kisiwa cha Remba, akasema tuitaipu huku yeye akiendelea na shughuli zake. Tuliketi bega kwa bega. Nilikuwa na kasi kumshinda kaka, na nilijua hivyo bila kumwangalia, kwa sauti ya vitufe tu.

Nilikuwa nimebakiza kama aya moja stima ilipopotea. Skrini zikawa nyeusi. Nilikuwa nimejishughulisha na kasi nikasahau kuhifadhi.

Tulingoja mle ofisini, mafeni yamenyamaza, mpaka stima iliporudi. Skrini yangu ilikuwa tupu. Ya kaka ilileta barua yote, isipokuwa sentensi ya mwisho. Alikuwa akihifadhi baada ya kila mistari miwili, kama tulivyofundishwa. Meneja alikuja akasimama nyuma yake, akasoma kutoka juu hadi chini.

"Safi," alisema. "Safi kabisa."

Kisha akauona mkono.

Hakusema neno baya. Aliuliza nini kilitokea, kaka akamwambia, naye akatikisa kichwa akasema pole sana. Akamwomba asubiri nje kidogo. Mlango ulipofungwa aliniambia nitaanza Jumatatu.

"Yangu imepotea yote, mzee," nilimwambia. "Ya kaka yangu ndiyo ipo."

"Nimeona."

"Basi kwa nini mimi?"

Alichezea kalamu. "Hapa wageni wanakuja, watu wa mradi. Sekretari ndiye uso wa ofisi. Wewe unaelewa."

"Uso wake hauna shida."

Akarudia kwa upole uleule kwamba nitaanza Jumatatu, au kama sitaki nimwambie sasa ili atafute mwingine.

Kaka alikuwa ameketi kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa ufukweni. Sikuhitaji kumweleza mengi. Tulinunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja wa kibanda, tukala. Nilipomwambia sitaichukua kazi ile, aliweka mfupa chini.

"Utaichukua," alisema. "Mama aliuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili. Mmoja ameingia. Ukikataa, nani atakuwa ameingia?"

"Lakini ni yako."

"Nyamera, hajanipa mimi. Ingekuwa yangu angenipa."

Niliichukua. Yeye alirudi Migori, na kwa muda mambo yalimwendea vizuri kuliko tulivyotarajia, kwani Madam alimpa kazi ya kuwafundisha kompyuta wanafunzi wapya. Nilipokwenda kumtembelea mara moja nilimkuta mbele ya darasa, fimbo ya kuelekezea kwenye mkono wa kulia, akiuliza, "Kimulimuli kiko wapi?" Wanafunzi walimwita Mwalimu. Alinenepa kidogo. Alianza kuongea habari za kuoa.

Kisha masika yakaja, na radi. Watu wa upande ule wanajua radi ilivyo. Jumapili moja alasiri ilipiga nyaya za stima za mtaa ule, ikapita ukutani, ikaingia kwenye kompyuta. Ndani ya chumba hapakuwa na mtu. Walipofungua mlango walikuta kitambaa cha Madam kimeungua katikati na sanduku zima linanuka plastiki iliyoungua. Fundi alikuja kutoka Kisumu, akaifungua, akaifunga. Madam hakuwa na namna ya kupata nyingine. Alimwambia kaka angoje, labda mwaka ujao. Kaka alingoja mpaka alipoona aibu kula cha Madam bila kazi, akarudi Macalder.

Hakuniambia. Nilikuja kujua kwa mama, aliyekuja Homa Bay kwa sababu hiyo tu.

"Anasema hachimbi," mama alisema. "Anasema anakagua miti."

Mashimo ya wachimbaji wadogo hushikiliwa na miti inayozuia kuta zisianguke. Mtu huteremka na tochi asubuhi, kabla ya wengine, kuangalia kama kuna uliopasuka. Kwa kazi hiyo hahitajiki mwenye mikono miwili ya nguvu. Anahitajika tu mtu anayekubali kuteremka kwanza. Nilimwandikia aje kwangu, tutafute jambo lingine. Alijibu kwamba atakuja mvua zikipungua.

Simu ilipigwa ofisini asubuhi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kule nyumbani, aliyetembea mpaka penye simu. Alisema mvua ilinyesha mfululizo, ukuta wa shimo umeporomoka, na kaka yangu yuko chini. Nilimuuliza kama wanamsikia. Akasema, "Njoo tu, mwanangu."

Nilipofika, mama alikuwa ameketi juu ya rundo la mawe karibu na mdomo wa shimo, khanga imelowa. Wanaume walikuwa wakitoa udongo kwa makarai, wakipokezana kwa mstari. Hakuna aliyesema wakome, na hakuna aliyesema kuna matumaini. Kila mara kipande kingine cha ukuta kikimeguka walirudi nyuma wote pamoja, wakangoja, wakaanza upya. Walimpata kesho yake mchana. Mzee mmoja wa machimbo, mwenye nguo zilizoganda matope, alimwambia mama kwamba kijana hakuteseka. Sikujua angejuaje. Mama alimshukuru.

Tulimzika karibu na simba yake, nyumba ndogo aliyojijengea ndani ya boma alipokuwa kijana. Madam alikuja kutoka Migori na wanafunzi kadhaa. Alikuwa ametaipu ratiba ya mazishi kwa ile taipureta ya chuma, nakala baada ya nakala, na jina la kaka juu kwa herufi kubwa likitanguliwa na neno Mwalimu. Mjomba mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama hilo si kosa. Madam akamwambia si kosa.

Niliporudi Homa Bay, meneja aliniita ofisini kwake. Aliniketisha, akanipa pole, akasema ofisi imesikitika. Nadhani alikuwa anamaanisha.

"Huyo kaka yako," aliuliza, "alikuwa anafanya kazi gani?"

Nilimtazama nione kama anajua anachouliza. Hakujua. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, wenye huruma.

"Alikuwa mwalimu wa kompyuta," nikasema.

"Aa. Wapi?"

"Migori."

"Hasara kubwa," alisema. "Watu kama hao ni wachache sana huku."

Nilimwomba ruhusa nirudi mezani. Nilikaa katika ofisi ile miaka mingine, mpaka mradi ulipokwisha na wazungu wakaondoka, na katika muda huo wote yeye na mimi hatukulizungumza tena. Sikuwahi kumkumbusha yule kijana aliyemwomba asubiri nje. Kuna siku nilisimama mlangoni kwake na maneno tayari mdomoni, akainua kichwa akaniuliza kama ile barua ya wavuvi wa kisiwa cha Takawiri imekwisha, nikasema bado kidogo.

Shimo lile halikufukiwa. Kabla ya matanga kwisha, wengine walikuwa wameshaweka miti mipya na kuteremka, kwa sababu kaka na wenzake walikuwa wamekaribia mshipa wa dhahabu. Njia ya kwenda soko la Macalder inapita palepale. Mama hakuipita tena. Alihamishia biashara yake ya mtama Karungu, ambako ni mbali zaidi, na mpaka leo huondoka alfajiri na mzigo kichwani, akizunguka kwa njia ya juu.